Usikubali Kisu

Siku Fundi aliporudi na majibu ya kipimo cha kamera, dada yake, aliyekwisha kuambiwa kwa simu, aliingia kwake hata kabla hajavua viatu. Dada huyo alikuwa mshereheshaji wa harusi, na kila mtu alimwita Kipaza, jina la tangu shuleni, kwa sababu sauti yake ikipanda, hata jirani wa nyumba ya tatu huacha anachofanya akasikiliza. Alikuja amekumbatia boksi la makopo ya unga wa kijani, jasho linamtoka, uso umemchanua.

"Hupasuliwi!" alisema angali mlangoni. "Mdogo wangu, hupasuliwi! Nimepata dawa!"

Sebuleni walikuwamo watu watatu: Fundi mwenyewe, seremala mpole ambaye vidole vyake vilisema zaidi ya mdomo, mkewe, na baba yao mdogo, ambaye tangu wazazi wafariki ndiye aliyeitwa kila palipokuwa na jambo zito. Fundi alikuwa ametoka kuwaeleza. Ana uvimbe kwenye utumbo mpana. Ni saratani. Daktari anataka kuukata upesi, kabla haujasambaa, na baada ya hapo huenda akatembea na mfuko wa choo ubavuni, pengine kwa muda, pengine maisha.

Hilo neno mfuko lilikuwa limewainamisha vichwa wote. Ndipo Kipaza alipoingia, na chumba kikapata hewa.

"Saratani ni kama nyuki," alisema, akiyapanga makopo mezani. "Mzinga ukiuacha, wanatulia. Ukichomeka kisu, wanatawanyika mwili mzima. Profesa ameeleza kwenye video, na mchoro ameuchora. Huu unga unawaua nyuki ndani kwa ndani, polepole, bila hata tone la damu."

"Profesa wa chuo gani?" mke wa Fundi aliuliza.

"Wifi, tusianze."

"Nauliza tu. Daktari alituonyesha picha, akasema sasa hivi bado kuna..."

"Daktari wa kupasua atakwambia nini? Umewahi kwenda kwa kinyozi akakwambia nywele zako hazihitaji kukatwa?"

Baba Mdogo alicheka mpaka akakohoa. Hata Fundi midomo ilimcheza. Baba Mdogo alipopata pumzi akaongeza, kwa uzito wote: "Na katika ukoo wetu hakuna aliyepasuliwa akarudi salama."

"Nani aliyepasuliwa?" wifi akauliza.

Mzee akafikiri. "Hakuna hata mmoja."

"Basi ndiyo hivyo," alidakia Kipaza, kana kwamba hoja imethibitika. Wifi alipofungua tena kinywa, akamgeukia. "Wifi, nakuheshimu. Lakini wewe umeolewa hapa. Huyu mimi nimembeba mgongoni. Niambie hapa hapa mbele ya baba: unamtaka mume mzima, au unamtaka wa kubeba mfuko?"

 Wifi akainuka, akaenda jikoni, wakasikia maji ya bomba yakimwagika muda mrefu bila chombo kuoshwa.

Fundi alilitazama kopo, akaligeuza, akalinusa. Kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze, mabega yalimshuka. "Haya, dada," alisema. "Tujaribu hiyo."

Kipaza alipiga kigelegele kilichowatoa watoto wa jirani nje. Kabla hajaondoka alisimama katikati ya sebule, simu mdomoni, akarekodi ujumbe kwa ile sauti yake ya kuingizia maharusi ukumbini: "Ndugu zangu! Saratani si hukumu ya kifo! Usikubali kisu! Watakuja watu na makoti meupe na maneno matamu, waambie, mwili wangu si ubao wa kukatakata! Usikubali kisu!" Aliutuma kwa ukoo mzima, na kwa kila mtu aliyewahi kumpa kazi ya harusi. Kufikia jioni ujumbe ulikuwa unamrudia kutoka kwa watu asiowajua, na kila uliporudi alijisikia kama amefunga bao.

Ikaanza kazi ya kunywa unga. Fundi alikoroga asubuhi, akakoroga jioni. Makopo hayakuwa rahisi, akauza mashine yake ya kuranda mbao na kurudia randa ya mkono, akijiambia ni mazoezi. Hakuwa mtu wa maneno, lakini kwa jambo hili alipata maneno. Mteja aliyekuja kuulizia kabati aliondoka amesomeshwa habari za nyuki na mzinga.

Kipaza alimpigia kila alfajiri. "Vipi choo?"

"Kizuri."

"Na damu?"

"Ipo kidogo."

"Uchafu huo unatoka! Umeona? Unatoka!"

Wifi ndiye aliyefua mashuka. Ndiye aliyemwona mumewe akitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, kisha jingine. Siku moja alimfuata Kipaza ukumbini, mbele ya wapambaji, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Fundi anaisha. Kipaza alimshika mabega. "Wifi yangu, anapungua kwa sababu sumu inamtoka. Acha kumtia mkosi." Wapambaji walikuwa wanatazama. Wifi akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Miezi mitatu ikaenda hivyo.

Ndipo Profesa mwenyewe alipopiga simu. Ujumbe wa "Usikubali kisu" ulikuwa umemfikia, umemkuna, na sasa anaandaa mkutano mkubwa wa shuhuda za waliopona, na mshereheshaji anayemtaka ni mmoja tu. Kipaza alipokata simu alirukaruka chumbani peke yake mpaka kioo cha kabati kikatikisika. Angeuona ushahidi kwa macho yake! Angewashika mikono watu waliopona, kisha akamwambie mdogo wake!

Ukumbi ulijaa pomoni. Kulikuwa na wazee wameshikwa mikono, akina mama wenye vilemba juu ya vichwa visivyo na nywele, vijana wamewaleta baba zao kwenye viti vya magurudumu. Nje makopo yalipangwa kama matofali. Kipaza alivaa gauni lake la dhahabu, lile la harusi kubwakubwa tu, akapita nyuma ya jukwaa kumsalimia shahidi wa kwanza, maana hakupenda kumtambulisha mtu ambaye hajaongea naye.

Shahidi alikuwa mzee mchangamfu mwenye koti pana, dereva wa treni mstaafu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakula biskuti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza mpaka macho yanauma."

"Nimeambiwa ulikuwa na saratani ya utumbo."

"Ilikuwapo. Kubwa tu."

"Utumbo mpana?" Kipaza akamshika mkono. "Mdogo wangu anayo hiyo hiyo! Niambie nimpelekee, ulikunywa makopo mangapi ndipo ikaisha?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa treni inakula majani kiasi gani. "Ikaisha kwa makopo? Hapana, mwanangu. Nilipasuliwa. Walinitoa kipande hiki hapa," akaonyesha kwa kiganja, "kisha dripu za dawa ya saratani hospitalini, nikatapika karibu nitoe na roho. Huu unga nimeanza juzijuzi. Unasaidia choo, nisiseme uongo."

Kipaza alimsogelea. "Lakini kwenye tangazo la mkutano imeandikwa umepona na unakunywa unga."

"Si kweli? Nimepona, na nakunywa unga."

"Mbona hukusema ulipasuliwa?"

"Hawakuniuliza," alisema mzee, akipangusa makombo ya biskuti. "Waliniuliza ninajisikiaje. Ninajisikia vizuri."

Muziki ukapigwa. Kijana akamsukuma Kipaza kwa upole: zamu yako, mama. Akajikuta chini ya taa, kipaza sauti mkononi, makofi yanamvumia. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alisahau salamu. Profesa, ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, alikuwa kiti cha mbele, anatabasamu. Mzee akapandishwa.

Angeweza kusoma alichoandikiwa. Wote walikuwa wanangoja hilo. Lakini macho yake yalimwangukia mama mmoja mstari wa pili, ana bahasha ya hospitali ambayo haijafunguliwa, na anaikalia nusu kama anayeificha.

"Mzee wangu," Kipaza alisema, "waambie hawa. Ulipasuliwa, au hukupasuliwa?"

Kipaza sauti kikazimwa. Profesa alikuwa amesimama, mikono juu, anacheka: "Dada yetu anatania, anatania!"

Kumzimia kipaza sauti mwanamke yule kulikuwa kazi bure. Alivuta pumzi kutoka kwenye visigino. "MZEE! ULIPASULIWA AU HUKUPASULIWA?"

"Nilipasuliwa!" mzee alijibu kwa fahari, kama askari aliyeulizwa namba yake. "Hospitali! Na dripu juu!"

Ukumbi ulilipuka. Wengine walisimama, wengine wakapiga miluzi, mtu akapaza sauti atolewe huyo kibaraka. Vijana wawili walimshika Kipaza mikono wakamshusha, gauni likachanika ubavuni, kiatu kimoja kikabaki ngazini. Alipotupwa nje hakugeuka nyuma. Alikimbia vile vile, mguu mmoja peku, gauni ameliinua magotini, anacheka na kulia kwa pamoja, anaelekea karakana ya mdogo wake. Alikuwa na habari kubwa kuliko zote alizowahi kuzibeba. Angeisema tu, na yote yangekwisha.

Fundi alikuwa ameegemea benchi la kazi, mkono tumboni, uso wa majivu. Alijiweka sawa alipomwona.

"Uongo!" alihema Kipaza. "Yote ni uongo, mdogo wangu! Yule mzee alipasuliwa! Twende hospitali, twende sasa hivi!"

Alieleza yote, kwa mikono na miguu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua msasa akaendelea kusugua mguu wa kiti.

"Wamekupa nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Hospitali."

"Mimi? Mimi dada yako?"

"Ulisema watakuja. Wenye maneno matamu." Akatoa simu mfukoni, akaibonyeza, akaiweka juu ya benchi kati ya maranda. Sauti ikajaa karakana nzima, nzito, tamu, yenye uhakika wa kumwinua mgonjwa kitandani: Ndugu zangu! Saratani si hukumu ya kifo! Usikubali kisu!

"Hiyo nilikosea," Kipaza alisema.

Fundi aliurudia ujumbe. "Huyu hasikiki kama mtu anayekosea."

Kipaza alijaribu kubishana na ujumbe wake mwenyewe. Kila alichosema, ile sauti ya simuni ilikisema kinyume, na vizuri zaidi, kwa sababu yule wa kwenye simu alikuwa amepumzika, hana kamasi puani wala mguu mtupu. Mwishowe Fundi akamwambia kwa upole uliomuumiza kuliko tusi: "Nenda nyumbani, dada. Umechoka. Mimi naendelea na dawa."

Kipaza alipita njia ndefu ya mzunguko mpaka akapata ujasiri wa kubisha hodi kwa wifi yake. Wifi alifungua, akaliona gauni, akaona mguu. Akamletea beseni la maji.

"Ulisema kweli," Kipaza alisema, macho kwenye beseni. "Tangu siku ile. Nami nikakufunga mdomo ndani ya nyumba yako."

"Ulinifunga."

"Na mbele ya wapambaji."

"Hapo ndipo nilipokuchukia," wifi alikiri. Akakaa. "Sasa unataka nini? Nikusamehe, au tumwokoe mwenzetu? Vyote viwili leo siwezi."

"Tumwokoe."

"Huyo mzee anapatikana?"

Kipaza alichangamka papo hapo. "Nitampata! Namleta, namsimamisha, naeleza mwanzo mpaka mwisho, namwambia..."

"Humwambii kitu." Wifi aliinua kidole. "Mlete, kisha wewe utakaa pale pembeni na utanyamaza. Ukifungua kinywa tu, nakutoa nje kwa mikono yangu."

Mzee alipatikana kesho yake, na alikuja nyumbani kwa Fundi bila kubembelezwa. Alikuwa hajalala, alisema, tangu aelewe alikuwa anatumiwa kuuza nini. Fundi alitaka kuinuka aondoke, lakini maumivu yalimrudisha kitini, na mgeni mwenye mvi hafukuzwi hivihivi. Kipaza aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akaikalia mikono yake.

Mzee hakuhutubia. Alifungua vifungo vya koti, akapandisha shati. Ubavuni pake palikuwa na mfuko wa rangi ya ngozi, umebandikwa bapa, mdogo kuliko walivyouwaza.

"Huyu namwita Mpangaji," alisema. "Halipi kodi, na hahami."

Fundi alitazama, akageuza uso, kisha akatazama tena.

"Unanuka?"

"Ukizembea. Kama viatu tu."

"Unainama?"

Mzee akainama, akagusa vidole vya miguu, akakaa huko chini muda wa kutosha ili asidhaniwe kubahatisha. Aliporudi juu uso ulikuwa umejaa jasho na majivuno. "Na treni niliendesha tena, mpaka nikastaafu."

 Swali lililofuata lilimtoka Fundi kwa shida, na alilisema akitazama sakafu. "Mkeo je?"

Uchangamfu wa mzee ulipungua. "Mwanzoni alilala chumba cha watoto," alisema. "Nilimsikia analia huko. Sikumlaumu, hata mimi ningekuwa na chumba kingine cha kuukimbia mwili wangu ningeenda. Baadaye akarudi. Hatukuwahi kulizungumza."

 Fundi akainua macho, akamtazama mkewe, na safari hii hakutazama pembeni.

"Mimi usinitazame hivyo," wifi alisema. "Nyumba yenyewe ina chumba kimoja cha kulala. Nitakwenda kulala wapi?"

Fundi alianza kucheka. Alicheka huku ameshika tumbo, linamuuma na anacheka, mzee naye akacheka, wifi akawa anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya kanga. Kipaza peke yake alibana midomo mpaka mashavu yakamvimba.

"Nipeleke," Fundi alimwambia mkewe. "Leo, kabla sijabadili nia."

Kipaza akafungua kinywa. Wifi akainua kidole. Kipaza akakifunga, akatoka mbio kutafuta gari.

Hospitalini daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, aliziweka picha mbili kwenye taa, ya zamani na mpya. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Alionyesha kwa kalamu: hapa ulikuwa, hapa umefika. "Bado nadhani unaweza kutolewa," alisema. "Lakini itakuwa operesheni kubwa kuliko ile niliyokuahidi mwanzo." Kipaza alisimama nyuma, akijilazimisha kuitazama ile tofauti kati ya picha na picha.

Siku ya upasuaji walimwingiza asubuhi. Wanawake wale wawili walikaa benchi moja la korido, kati yao mkoba wa nguo za mgonjwa. Kipaza hakukaa bure. Alishika simu akaanza kuwapigia wote aliowatumia ule ujumbe, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo wengine hawakuitambua mpaka ajitaje. "Nilikosea," alisema. "Usisikilize ule. Ndiyo, mimi mwenyewe. Nilikosea." Wengine walicheka, wengine walikata. Mama mmoja aliuliza maswali mengi, akaomba namba ya hospitali, na Kipaza alipoisoma tarakimu zilimtetemeka mdomoni kwa furaha.

Daktari alitoka kofia mkononi. Uvimbe umetoka wote. Mfuko umewekwa, na utabaki. Tezi za jirani zilikuwa zimeguswa, kwa hiyo atahitaji dripu, na hapo mbele hawezi kuwaahidi kitu, ila nafasi ipo, na ni nafasi nzuri.

Fundi alipozinduka vizuri, dada yake alikuwa pembeni ya kitanda. Wifi alikuwa upande wa pili.

"Wamesemaje?" aliuliza, sauti kama karatasi.

Maneno ya ukumbini yalimjia Kipaza yenyewe: umeshinda, yamekwisha, pigeni makofi. Aliyameza. "Wameutoa wote," alisema. "Mfuko ni wa maisha. Na saratani imefika kwenye tezi, utawekewa dripu. Ungekuja mwanzo huenda tezi zisingeguswa. Miezi ile niliipoteza mimi."

Fundi alifumba macho.

"Daktari alinieleza vizuri tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilimwelewa. Ila nilikuwa naogopa, nikawa natafuta mtu wa kuniambia nisiende. Wewe ukaja na makopo." Akajaribu kusogea, akakunja uso. "Bado nina hasira na wewe, dada."

"Kuwa nazo."

"Mgongo unaniuma. Nigeuzeni."

Kipaza alinyanyuka upesi, mikono mbele, kisha akasita juu ya mwili ule wenye mirija na bandeji, asijue ni wapi panapogusika.

"Wifi," aliuliza kwa sauti ya chini, "nishike wapi?"

"Begani," wifi alisema. "Pole pole. Nikihesabu tatu."

Wakamgeuza.